Kenge kwenye msafara wa mamba: hii misemo ya wanyama tumeitoa wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu la familia tumebishana wiki nzima kuhusu ule msemo wa kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Binamu yangu anasema misemo ya wanyama karibu yote tumeitafsiri kutoka kwa Wazungu, ushahidi wake ni machozi ya mamba. Shangazi anasema yote ni ya mababu. Asili yake hasa ni ipi? Na ndumilakuwili ni nyoka kweli au ni uzushi? Mwisho, mimi ndo nitasema neno upande wetu kwenye sendofu ya mdogo wangu, nataka nipachike misemo miwili mitatu ya wanyama, ipi inafaa na ipi niiache?"

Marahaba mwanangu, poleni na ubishi. Niseme tu mapema kwamba shangazi kakosea kidogo na binamu kakosea sana, ila kwenye hilo la machozi ya mamba binamu kapatia, kwahiyo msimzomee.

Mimi nikiletewa msemo wa mnyama nikaulizwa umetoka wapi, huwa sianzi na maana, naanza na mnyama mwenyewe. Najiuliza huyu aliyeutunga alimjua huyu mnyama au alimsikia tu? Manake mtu aliyekaa naye atasema kitu ambacho mnyama anakifanya kweli, hata kama anakisema kwa kejeli, na mtu aliyemsoma kitabuni mara nyingi atasema kitu ambacho mnyama hajawahi kukifanya tangu aumbwe. Kipimo hiki kina matobo, nitayaonesha huko mbele, lakini kinafanya kazi kuliko zile hadithi ndefu za WhatsApp zinazoanza na "hapo zamani mfalme mmoja alikuwa na mbuzi" alafu mwisho msemo unachomoza kama sungura kwenye kofia.

Tuanze na kenge wenu. Watu wengi mjini wakiusema huu msemo wanadhani kenge kawekwa pale kwa sababu tu anafanana na mamba, mrefu, mkia, magamba, ulimi nje. Hiyo ni kweli ila haijatosha. Kenge wa mtoni, yule mkubwa anayeweza kufika hata mita 2, anakaa palepale anapokaa mamba, Rufiji, Ruvu, Mara, popote penye mto na kingo za mchanga, na kitu kimojawapo anachokipenda sana ni mayai ya mamba. Mamba jike anafukia mayai yake mchangani na kulinda karibu miezi 3, na huyo kenge anazungukazunguka pembeni anasubiri mama aingie majini kujipoza, akiondoka tu yeye anafukua. Kwahiyo kenge ni zaidi ya mtu wa daraja la chini aliyejichanganya na wakubwa. Ni mtu anayefanana na nyinyi, anatembea na nyinyi, na anawala watoto wenu. Ukiujua huo upande wa pili unaona msemo una meno, na unaona hauwezi kuwa umetungwa na mtu wa mbali, huyu aliutunga mtu anayeijua kingo ya mto. Siku hizi tunautumia kwa upole zaidi, mtu akialikwa kwenye kikao cha wasomi anasema "na sisi kenge tumo" kama kujishusha, sawa, lugha inatembea.

Kenge huyohuyo ana msemo mwingine, kenge hasikii mpaka aone damu inatoka masikioni, tunaambiwa watoto wakaidi. Kenge wamezoeleka kuja kuiba mayai na vifaranga, unamfukuza anarudi, unamfukuza anarudi, mpaka siku anapigwa fimbo ya kichwa. Wafugaji wa kuku wa kienyeji hawahitaji maelezo hapo.

Na kwenye kuku ndo utajiri ulipo, manake kuku tumekaa nao ndani kabisa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtoto wa mjini wa leo anakariri hii kwa ajili ya mtihani wakati hajawahi kuiona kamba yenyewe. Zamani, na vijijini mpaka leo, ukinunua kuku mnadani au ukiletewa zawadi, humwachii siku hiyohiyo, atapotea au atafukuzwa na kuku wenyeji. Unamfunga kamba mguuni, mara nyingi kipande cha kitambaa ili isimkate, unamfunga kwenye mguu wa kitanda au mti wa uani, unampa chakula hapohapo siku kadhaa mpaka ajue kwamba hapa ndo nyumbani, alafu unamfungua. Msemo unamaanisha mgeni lazima ataonekana tu kuwa mgeni, iwe kwa kutojua desturi au kwa kuwekewa mipaka. Hakuna hadithi nyuma yake wala mfalme, ni jambo la uani.

Penye kuku wengi usimwage mtama, yaani usiropoke siri mbele ya kadamnasi, nayo ni ya uani hivohivo. Angalia hapo kwamba ni mtama na sio mahindi. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, huku yameletwa na biashara za baharini baada ya Wareno kuja, mtama ulikuwepo Afrika muda mrefu kabla yao. Sisemi kwamba msemo una umri huo, kuku wanamwagiwa mtama hata leo Dodoma, nasema tu vitu vilivyoandamana na mnyama mara nyingi vinaongea kuliko mnyama.

Mfano mzuri zaidi wa hilo ni kumpigia mbuzi gitaa. Hapa umri unausoma waziwazi kwenye gitaa. Gitaa lilishika miji yetu na bendi za dansi, miaka ya 1930 na 1940 huko zikaanza kushamiri, kwahiyo babu wa babu yako hakuwahi kumpigia mbuzi gitaa, labda zeze. Wazo lenyewe ni la zamani sana na liko duniani kote, Wagiriki wa kale walikuwa na punda anayesikilizishwa kinubi, Wachina wana ng'ombe anayepigiwa zeze lao, na sidhani kama kuna aliyemwibia mwenzake, mtu yeyote aliyewahi kumuona mnyama anatafuna huku muziki unalia anaweza kuutunga mwenyewe. Sisi tukaweka mbuzi kwa sababu mbuzi anakutazama machoni wakati anakupuuza, na hilo linauma zaidi, ng'ombe angalau anaangalia pembeni.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni kesi tofauti. Waingereza wanasema nguruwe, Wajerumani na Wafaransa wanasema paka kwenye mfuko, sisi mbuzi. Hapo mimi nadhani wazo limekuja na shule za kikoloni likavalishwa mnyama wa kwetu, nguruwe asingeuzika pwani na paka hakuna anayemnunua.

Sasa machozi ya mamba. Hii mpeni binamu. Habari ya mamba anayelia huku anakula mtu iko kwenye maandishi ya Ulaya zaidi ya miaka elfu, msomi mmoja wa Constantinople aitwae Photius aliitaja karne ya 9, na kitabu cha safari cha John Mandeville cha karne ya 14 kikaisambaza mpaka kila mtu Uingereza akaijua. Sisi tulioishi na mamba wenyewe mlangoni misemo yetu ni ya kenge, hayo machozi tumeyapata darasani. Ila kuna utamu hapa. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalisha jamaa wa mamba, wale aligeta na kaimani, nchi kavu ili macho yaonekane vizuri, na kati ya 7 waliowarekodi 5 walitoa machozi wakati wanakula, wengine mpaka povu. Sababu haina uhusiano na huzuni, wao walidhani ni hewa anayoisukuma kwa nguvu puani inabana tezi za machozi. Kwahiyo Wazungu walichokiona ni kweli, walichokosea ni moyo wa mamba. Na hapo ndo tobo la kwanza la kipimo changu.

Tobo hilo halipo kwa mbuni. Magazeti yetu yanapenda sana "serikali isifiche kichwa mchangani kama mbuni". Jamani, mbuni tunao, Serengeti, Ngorongoro, Nairobi unatoka tu mjini unamuona, na hakuna Mmasai hata mmoja atakayekwambia amemuona mbuni kafukia kichwa. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, aliandika kwamba mbuni akiingiza shingo kichakani anadhani mwili wote umejificha, alafu maneno yakazunguka Ulaya mpaka kichaka kikawa mchanga. Mbuni halisi akiwa na mayai, shimo lake liko chini kwahiyo anainamisha kichwa kuyageuza, na akiona hatari anaweza kulala chini na shingo ameinyoosha ardhini, ukiwa mbali huoni kichwa. Akikuona umemkaribia sana hafichi chochote, anakupiga teke linaloua. Msemo umezunguka dunia ukarudi kwa wenye mbuni wao, na sisi tukaupokea bila kwenda kumwangalia. Huo kwangu ndo msemo wa kizembe kuliko yote, mkiutoa kwenye grupu sitalia.

Upande mwingine wa vitabu ni Biblia. Mbwa mwitu aliyevaa mavazi ya kondoo imetoka Mathayo 7, na lulu mbele ya nguruwe imetoka sura hiyohiyo mstari wa 6. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ndo iliyofanya maneno haya yawe kama ya kwetu, mpaka Waislamu wanayatumia bila kujua yametoka wapi. Ila sikiliza watu wanavyoyasema mtaani, wengi hawasemi mbwa mwitu, wanasema chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Mbwa mwitu wa huku ni yule mwenye madoa anayewinda kwa kundi, hana sifa ya kujificha hata kidogo, anakukimbiza mchana kweupe. Chui ndo mwizi wa zizini usiku. Watu wamesahihisha zoolojia ya msemo bila kikao.

Sasa hapo shangazi na binamu wote wamesahau upande mmoja, bahari. Sisi hatukuwa na njia mbili tu, bara na Ulaya, tulikuwa na Uhindi na Uarabuni muda mrefu kabla. Umewahi kusikia mtu anasema "umenifanya punda wa dobi"? Vijana hawaisemi sana siku hizi na ni hasara. Asili yake ni hadithi ya Kiswahili ambayo Edward Steere, yule aliyekuja kuwa askofu Unguja, aliichapisha mwaka 1870. Kima alikuwa juu ya mkuyu ulioning'inia baharini, anamtupia papa matunda, wakawa marafiki. Siku moja papa akambeba mgongoni eti twende kwetu, kufika katikati akamwambia ukweli, sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema ungeniambia mapema, sisi makima mioyo yetu tunaiacha mtini, turudi nikauchukue. Wakarudi, kima akaparamia mkuyu, papa akasubiri weee, akaita, kima akamjibu unanifanya mimi punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio?

Alafu ndani ya hadithi inaingia hadithi ya pili ya huyo punda. Simba alimtaka, sungura akaenda kumdanganya kwamba anaposwa, punda akaja, simba akamrukia, punda akaponyoka na majeraha. Sungura akamfuata tena na punda akarudi! Safari hii akafa. Simba akamwachia sungura nyama, sungura akala moyo na masikio, simba alipouliza viko wapi akajibiwa huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo angerudi mara ya pili? Kwahiyo punda wa dobi ni mtu anayetapeliwa palepale mara ya pili, na mimi namjua mmoja wa mikopo ya simu lakini tuendelee. Hadithi hizi mbili, moja ndani ya nyingine hivohivo, zipo kwenye Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za wanyama cha Uhindi, huko aliyembeba kima ni mamba, na zikapita kwa Waarabu kwenye kitabu cha Kalila wa Dimna kilichotafsiriwa karne ya 8. Zilipotua pwani yetu mnyama akawa papa, kwa sababu wasimuliaji walikuwa watu wa bahari ya chumvi. Kwahiyo punda wa dobi ni wetu au wa Wahindi? Mimi nasema ni wetu, aliingia bandarini akapata uraia.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa sizitaki mbichi hizi, anayeruka kutafuta matunda Ugiriki ni mbweha, kwetu ni sungura. Na nani atamfunga paka kengele watu wanasema ni ya Esopo, yule msimulizi wa hadithi za wanyama wa Ugiriki ya kale, kumbe inaonekana kwenye maandishi ya Odo wa Cheriton, padri wa Kiingereza wa karne ya 13, kwenye makusanyo ya kale ya Esopo haimo.

Fisi nimemuweka kando makusudi kwa sababu yeye kaonewa. Njia mbili zilimshinda fisi, unaijua, alisikia harufu ya nyama njia zote mbili, akataka zote, mguu mmoja huku mmoja kule mpaka akapasuka msamba. Hii ni hadithi ya Kiafrika, utaikuta kwa makabila mengi ya huku kila mtu na lugha yake, kwahiyo hapa shangazi kashinda. Juu yake tukaongeza za mjini, kumpa fisi alinde bucha. Tatizo ni kwamba tunamdhania ni mla mizoga tu. Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alimchunguza miaka ya 1960 Serengeti na Ngorongoro akakuta fisi madoa anajiwindia sehemu kubwa ya chakula chake, na Ngorongoro mara nyingi simba ndo waliokuja kumnyang'anya fisi nyama aliyoiua. Haibadilishi msemo, manake hili ndo tobo la pili, msemo hauhitaji mnyama awe na hatia, unahitaji awe na sifa mbaya.

Kabla ya nyoka wako niseme kidogo kuhusu nyani. Nyani haoni kundule, kundu ni makalio, basi, na nyani ana makalio magumu yasiyo na manyoya ambayo anakalia usiku kucha mtini, kila mtu anayaona isipokuwa yeye. Na siku ya kufa nyani miti yote huteleza ina ukweli mkali ndani yake kwa sababu mti ndo kitanda chake na kimbilio lake dhidi ya chui. Ukishajua hivo unaelewa kwamba anayezungumziwa ni mtu aliyeangushwa na kilekile alichokuwa anakitegemea kila siku, bahati mbaya ya kawaida haifiki hapo.

Ndumilakuwili sasa. Ndiyo, ni nyoka. Wapo wanaoandika ndumakuwili na hiyo inaonesha neno vizuri zaidi, anayeuma kuwili, yaani kichwani na mkiani. Ni hawa nyoka vipofu wadogo wanaokaa ardhini, unawakuta ukilima au ukifukua kichuguu, wanakula mchwa na siafu na mayai yao. Mkia wake ni butu kama kichwa, macho hayaonekani, kwahiyo ukimkamata hujui mbele ni wapi, na mkiani ana kijiba kidogo chenye ncha ambacho akishikwa anakichomeka kwenye ngozi yako ili ajikwamue. Mtu anasikia anachomwa upande ambao alidhani ni mkia, akili inamwambia ameumwa na kichwa cha pili. Hana sumu yoyote, mwambie mwanao asimuue. Kwahiyo anayesema ni uzushi ana haki kwenye vichwa viwili tu. Na kwa mnafiki msemo umekaa pake kabisa, humjui ameelekea wapi mpaka akuchome.

Mengine haraka. Kufyata mkia umeshamuona mbwa mwenyewe. Kuota mapembe ni ndama aliyeanza kumsukuma mama yake. Damu ya kunguni, mtu anayechukiwa tu bila kosa, kunguni ukimponda damu inanuka na hakuna anayemhurumia. Kupe kwa maana ya mnyonyaji tuliisikia sana kwenye siasa baada ya Azimio la Arusha 1967, japo mfugaji hakuhitaji Azimio kujua kupe anafanya nini. Asante ya punda ni mateke, nenda Lamu usimame nyuma ya punda bila kumsemesha, hakuoni vizuri hapo, akishtuka anarusha.

Haya, sendofu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni inafaa sana ikisemwa na nyinyi wenyewe upande wa binti, kwa kicheko, kwamba mdogo wetu anakuja kwenu mgeni, kamba mtamfunga tunajua, ila iwe ya kitambaa na mumfungue mapema. Wakwe watapiga vigelegele. Ukijisemea mwenyewe kwamba kwenye msafara wa wasemaji na kenge nimo, nayo inaenda, ila usiielekeze kwa mwingine, kuna mjomba atadhani umemlenga. Simba mwenda pole ndiye mla nyama unaweza kumpa bwana harusi kama alichumbia muda mrefu. Ya nyani iache, mbele ya wakwe kundu ni kundu hata likiwa la methali. Punda wote waache, wa dobi na wa mateke. Na ya mbuzi kwenye gunia usiikaribie kabisa, manake wale wameshatoa mahari.